Watu Niliowaondoa Mwandoni

Jumatatu, 12 Machi 1979

Bwana Gichuru amekuja studio leo amevaa tai, na joto lote hili. Ni karani wa wizara, anakaa Buruburu, na tangu apate nyumba huko huongea na sisi wa Ziwani kama mtu aliyetutembelea hospitalini. Sasa amekuwa katibu wa kamati ya jubilei ya Mwandoni, ile monasteri ya Ukambani ambako watawa wa Kizungu walijenga kanisa la mawe miaka hamsini iliyopita. Ameleta masanduku manne ya vioo. Ni negativu za zamani, za kabla ya filamu, alizopiga mtawa mmoja aliyeitwa Bruda Anselmi, tangu siku ya msingi hadi siku ya paa. Kamati inataka kuzifanya kitabu.

"Mama Njoki," akaniambia, "kitabu ni cha majengo. Hawa watu wanatuharibia. Utawatoa?"

"Watu gani?"

"Vibarua. Wamesimama kila mahali kama mbuzi."

Kutoa watu kwenye picha ndiyo kazi yangu. Mwaka wa kumi na tisa sasa niko kwenye studio hii ya Muse, hapa Eastleigh, na nimetoa makovu, vitambi na waume walioachwa. Shemeji yake Gichuru huyo huyo nilimtoa kwenye picha ya harusi, na hadi leo hakuna anayejua alisimama wapi. Nikasema nitawatoa.

Jumanne, 13 Machi

Vioo ni sitini na viwili. Nimevitazama vyote dirishani, kimoja kimoja, na shingo inaniuma.

Bruda Anselmi alipenda nguzo kuliko alivyompenda Mungu. Nguzo mbele, nguzo nyuma, nguzo zikiwa nusu, nguzo zikiwa nzima, halafu matao juu yake, mpaka mtu anatamani kuona hata kuku. Karibu kila kioo kina kijana mmoja yule yule aliyesimama kando ya ukuta na shuka nyeupe, ameshika fimbo yenye mistari myeusi na myeupe. Muse anasema aliwekwa hapo ili Wazungu wa kwao wajue ukuta una futi ngapi. Kwa hivyo alikuwa rula, rula yenye miguu, na amenuna vilivyo. Kwenye vioo vya mwisho fimbo imeegemezwa ukutani peke yake. Labda alichoka akatoroka, na kama alitoroka alikuwa na akili kuliko nilivyomdhania.

Alhamisi, 15 Machi

Mvua imeanza. Choo cha mstari wetu wa nyumba kimefurika, na majirani wamesimama wanakitazama kana kwamba kitaona haya.

Jumatatu, 19 Machi

Nimeanza kazi. Kwenye kioo kila kitu ni kinyume, nguo nyeupe ni nyeusi na ngozi nyeusi ni wazi kama maji. Nguo naikwangua kwa ncha ya kisu, polepole, mpaka ilingane na mawe ya nyuma. Uso na mikono naijaza kwa penseli. Ukimaliza, mtu amegeuka ukuta.

Muse alitaka tupige nakala kwanza, nifanyie kazi kwenye nakala. Nikamwambia nakala ni za watu wanaotetemeka mikono.

"Wallahi Mama Njoki," akasema, "kioo ikienda imeenda."

Muse ni mwenye studio lakini huniogopa, na mimi simsaidii aache. Hakuna mtu mwingine Nairobi anayeweza kukwangua kioo bila kuacha alama. Rula nimemtoa kwenye vioo vitano.

Alhamisi, 22 Machi

Jioni kwenye bomba nimemkuta Mzee Mulwa amekalia ndoo ya bintiye, anahubiri kama kawaida. Huyu mzee anakaa mlango wa pili kutoka kwangu na Nthoki, binti yake anayepika kwenye shule moja ya huku. Tangu alipoletwa kutoka Ukambani kwa ajili ya kifua, hatujapumzika. Kila jioni ni yeye aliyechonga mawe ya Mwandoni, ni yeye aliyepandisha tao la kwanza, na watawa walimpigia makofi. Mlango wa Nthoki una bawaba moja tangu mwaka juzi na huyo fundi hajaugusa. Debe tupu haliachi kuvuma.

Leo amesikia kwamba vioo viko kwangu. Alinyanyuka kwenye ndoo.

"Mama Njoki, hiyo kazi ni ya mikono yangu. Abati, mkubwa wa watawa, aliapa mbele ya watu, akasema fundi akitoka na jengo kwa msingi mpaka paa, atazikwa ndani ya ukuta wa monasteri pamoja na watawa. Ndugu yangu Mativo yuko huko ndani. Alianguka kwa mnara. Nataka nilale kando yake."

"Si uwaambie kamati."

"Nimeambia. Kitabu ya majina ya wafanyakazi imeliwa na mchwa. Huyo Gichuru anasema wazee mia wanadai, alete nani aache nani? Anasema mwenye ako kwa picha ndiye alikuwako."

Wanawake wakacheka. Mimi nilicheka zaidi yao. Mzee mzima anataka kulala kaburini na maaskofu, na hapa Ziwani hata kitanda analalia cha bintiye.

Jumamosi, 24 Machi

Leo nimetoa watu saba. Mkono uko sawa.

Jumatatu, 2 Aprili

Mvua siku nne mfululizo, na studio inanuka ukungu. Nimefika kwenye vioo vya paa. Kulikuwa na mmoja ameketi kileleni kabisa, shuka nyeupe, mkono mmoja juu. Ametikisika, kwa hivyo uso haupo, ni weupe tupu kama sufuria iliyomwagikiwa uji. Nilimkwangua mzima kwa kisu, sikuhitaji hata penseli. Kwenda kuharibu picha ya watu kwa kutotulia! Gichuru alipita jioni akaona anga safi juu ya paa, akasema nina mkono wa malaika. Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini ni kweli.

Jumatatu, 9 Aprili

Nthoki alikuja studio na aproni yake ya kazi. Daktari amemwambia mapafu ya baba yake yamejaa vumbi la mawe, na hayatamaliza mwaka. Aliniomba niangalie kama baba yake yumo kwenye vioo.

"Vioo hivyo havina watu," nikamwambia.

Ilikuwa karibu kweli. Zilibaki picha sita tu ambazo sikuwa nimezigusa. Akashukuru akaenda zake kwenye mvua, na mimi nikanywa chai.

Jumapili, 15 Aprili

Pasaka. Kwaya imeimba vibaya kuliko mwaka jana, jambo ambalo nilidhani haliwezekani.

Jumanne, 17 Aprili

Mzee Mulwa amekuja mwenyewe, kutoka Ziwani hadi Eastleigh kwa miguu, na kifua hicho. Alikaa kwenye kiti cha wateja akihema mpaka Muse akamletea maji. Nikamwambia kama amekuja kunihadithia tena kuhusu makofi ya watawa, nina kazi.

"Sikia tu kitu moja," akasema. "Bruda alinipa karatasi, akasema chonga majani ya mzabibu juu ya nguzo. Mimi mzabibu sijawahi kuona. Hiyo karatasi nilikuwa naangalia, naona ni majani tu. Nikachonga majani ya kunde. Nguzo ya nne, upande wa kisima. Na kunde yenyewe nikaweka, maganda tatu."

"Na watawa hawakuona?"

"Walikuwa wanakula kunde kila siku kwa sahani. Wakiwa wanaomba hawakuijua."

Alipoenda nilitoa kioo cha nguzo ya nne. Nilichukua lenzi, na nilikusudia kwa moyo wote kumkuta ni mwongo. Mimi nimelimishwa kunde tangu utoto, shamba la mama yangu lilikuwa kunde na mawe. Majani yalikuwa matatu matatu kwenye kikonyo, na chini yake kuna maganda matatu membamba yaliyojikunja kidogo mwishoni. Mzabibu hauna maganda. Nimeipita nguzo hiyo wiki tatu nikijaza uso wa mtu kando yake, na sikuona.

Nimetuma neno kwa Gichuru nikamweleza habari ya kunde. Amejibu kwa simu ya duka la jirani kwamba yeye amesali pale mara nyingi na ni mizabibu, na kwamba hata ingekuwa kunde, mtu yeyote aliyewahi kuingia kanisani angeziona. Picha, akasema. Picha ya mtu.

Picha ya mtu ilikuwako. Watu walikuwa tele. Sasa najiuliza ni yupi kati yao.

Jumatano, 18 Aprili

Nilimfikiria kijana wa fimbo. Ndiye pekee aliyekuwa kila mahali. Kilichokwanguliwa kwa kisu kimekwenda, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini penseli hutoka kwa tapentaini, na uso wake wote ulikuwa penseli.

Nililowesha pamba nikaanza kufuta. Kwanza paji, kisha macho, kisha mdomo ule ulionuna. Mikono nayo ikarudi, na nyayo. Nilipochapisha picha, uso ulikuwa umening'inia mbele ya nguzo bila shingo, mikono miwili imeshika fimbo ambayo nilikwisha kuikwangua, na mahali pa mwili kuna mawe yangu, yamelingana vizuri sana. Muse aliitazama akasema "Astaghfirullah" akatoka nje.

Niliogopa kazi ya mkono wangu. Lakini pia nilifurahi, sitadanganya. Uso ni uso. Gichuru alitaka mtu, nami nina mtu.

Ijumaa, 20 Aprili

Nimempelekea Mzee Mulwa picha nyumbani. Nthoki alinipa stuli. Sikueleza mwili umekwenda wapi, nilisema kioo kimeharibika kwa ukungu. Mzee aliishika karibu na dirisha, akaitazama muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia.

"Huyu si mimi," akasema. "Huyu ni Mativo."

Ndiyo maana fimbo ilibaki peke yake kwenye vioo vya mwisho. Mimi niliandika hapa kwamba alitoroka.

Nikavuta stuli karibu. "Mzee, sema ni wewe. Mlitoka tumbo moja. Nani atajua?"

"Mativo atajua."

"Baba!" Nthoki akasema.

"Nikiingia pale na uso yake, yeye atabaki na gani?" Akampa binti yake picha aifunge kwenye kitambaa. "Mimi Bruda alinipiga picha mara moja tu. Siku ya paa. Nilikuwa juu kabisa, nimekaa. Akasema mtu asitingishike. Mimi nikainua mkono, nikapungia Mativo pale kaburini, ajue tumemaliza. Bruda alinigombeza sana. Hiyo umeiona?"

Hapo ndipo nilipojua. Sikuhitaji kurudi kwenye kioo. Nilikuwa na mkono ule kwenye ncha ya kisu changu, na niliuondoa kwa kuwa haukutulia.

"Hapana," nikasema. "Hakuna picha kama hiyo."

Miaka kumi na tisa nawacheka wanaokuja studio kutaka uongo: wembamba, weupe, harusi zisizo na mashemeji. Nimewaita wanafiki wote. Na leo, mbele ya mzee aliyekataa uongo mdogo ambao ungempa kaburi, mimi nimesema uongo ili nisionekane fundi mbaya. Nijiite nani?

Jumanne, 24 Aprili

Mvua. Mzee hakuja kwenye bomba.

Ijumaa, 27 Aprili

Amekuja lakini hakuongea. Wanawake wamemchokoza, "Fundi, leo hatujengi?" Amesema ndoo imejaa.

Gichuru amechukua picha zote, zimeenda kupigwa chapa. Ameuliza kama nataka jina langu kwenye kitabu. Nimekataa, akadhani ni unyenyekevu.

Jumamosi, 5 Mei

Nimekutana na Nthoki mlangoni anafua shuka za mgonjwa. Baba yake hainuki tena kitandani.

"Anasema pengine aliota," akaniambia. "Ati pengine kanisa walijenga wengine, na yeye alikuwa mchunga mbuzi tu aliyekuwa anapita. Mama Njoki, nimekua na hiyo hadithi tangu nizaliwe. Mama yangu alikufa akiiamini. Sasa ananiomba msamaha."

Nilimwambia wazee huchanganyikiwa. Kisha nikaingia kwangu, nikafunga mlango. Sijui nilikuwa nikimficha nani, kwa sababu ndani hakukuwa na mtu.

Ijumaa, 11 Mei

Leo nimekwenda. Nilimwomba Muse kioo cha paa, nikakifunga kwa kanga na gazeti, nikakibeba kwenye mvua kama mtoto mchanga.

Mzee alikuwa amelazwa kwa mito mitatu ili apumue. Nthoki alikuwa anamkoroga uji. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakapotea yote.

"Mzee, nilikudanganya," nikasema. "Picha ya paa ilikuwako. Ulikuwa umekaa kileleni na mkono juu. Nilikutoa mimi. Gichuru alitaka majengo bila watu, nami nikakukwangua kwa kisu, na sikufanya nakala kwa sababu ya kiburi. Hutarudi tena kwenye kioo."

Nthoki aliacha kukoroga. Mzee akanyoosha mkono. Nilifungua kanga, nikamwekea kioo kifuani, upande wa picha ukiwa juu, nikachukua kidole gumba chake nikakipeleka mahali penyewe. Macho hayawezi kuona alama yangu, hiyo ndiyo sifa yangu mjini. Lakini gumba lile lilikuwa limekaa na mawe miaka mingi. Lilizunguka, likarudi, likasimama.

"Hapa kumelimwa," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na huku juu, hii ni mkono?"

"Ni mkono."

Akafumba macho. Nilidhani atanilaani, na nilitaka anilaani, ingekuwa afadhali.

"Kumbe nilikuwako," akasema. Akamgeukia bintiye. "Nthoki, umesikia? Nilikuwako."

Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Nthoki akamwinua akimsugua mgongo. Alinitazama juu ya bega la baba yake kwa chuki ambayo sijawahi kutazamwa nayo. Na mimi ndiye niliyezoea kuwatazama watu hivyo.

Kikohozi kilipotulia mzee akasema, "Niandikie hivyo. Ya kwamba ulinitoa. Uweke sahihi."

Jumatatu, 14 Mei

Nimeiandika kwa mkono wangu mzuri: "Mimi, Wakiuru, aitwaye Mama Njoki, wa studio ya Muse, Eastleigh, nathibitisha kwamba Mulwa, fundi wa mawe, alionekana wazi juu ya paa la Mwandoni siku lilipomalizika, na kwamba mimi ndiye niliyemfuta kwenye kioo cha asili, pamoja na vibarua na mafundi wengine wote waliopigwa picha na Bruda Anselmi, kwa agizo la katibu wa kamati." Nikaweka sahihi.

Kamati ilikaa ukumbini mwa parokia. Gichuru aliisoma, akalegeza tai.

"Mama Njoki, wewe una wazimu? Kitabu kiko kwa mtambo. Unataka tuseme picha ni za uongo?"

"Ni za uongo."

"Na utajuaje ni huyo mzee? Umesema mwenyewe hakuwa na uso."

"Alinieleza mkono kabla sijamwambia. Picha hiyo imeonwa na Bruda, na mimi, na wewe. Bruda amekufa. Wewe ulimweleza?"

Padre Njogu, ambaye sasa ndiye mkuu wa Mwandoni, alikuwa kwenye kona akisikiliza. Ni mtu mdogo mwenye viatu vilivyopasuka, na mwanzoni nilimdhania mlinzi. Aliomba barua, akaisoma mara mbili.

"Bwana Katibu," akasema, "hafutwi mtu ambaye hakuwako."

Akaandika jina la Mulwa kwenye daftari la makaburi hapo hapo, kwa kalamu niliyomwazima.

Jumanne, 15 Mei

Muse hakunifukuza. Aliondoa tu kisu changu mezani, akakitia kwenye droo yake akafunga. Nimeshinda nikikata pembe za picha za vitambulisho.

Jumamosi, 2 Juni

Mzee Mulwa amefariki leo asubuhi. Nthoki amemtuma jirani wa mlango wa tatu kunijulisha, ingawa mimi niko mlango wa pili kutoka kwake.

Jumamosi, 9 Juni

Mvua imekwisha, baridi imeingia. Tulimzika Mwandoni, ndani ya ukuta, futi nne kutoka kwa Mativo. Nilikwenda kwenye lori la waombolezaji. Nthoki alinipita bila salamu, nami nikampisha.

Kanisa ni zuri. Nasema hivyo mimi, ambaye nimelichukia kwa miezi mitatu. Nguzo ya nne niliigusa kwa mkono.

Baada ya mazishi Gichuru, ambaye hakosi hadhira, alitoa nakala za kwanza za kitabu akazigawa kwa wazee wa pale na wajane wa mafundi, wote waliokuja na nguo zao za Jumapili. Alisema kitabu ni kumbukumbu ya jasho lao. Walikaa kwenye nyasi wakifunua kurasa taratibu, vidole vikipita juu ya kuta. Waliofika mwisho walirudi mwanzo.

Mama mmoja mzee, Nthambi, alikuja kwangu akijikokota. Mtu alikuwa amemwambia mimi ni wa picha. Alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa wa kisima.

"Mume wangu alikuwa hapa," akasema. "Bruda alimpiga picha ameshika ndoo. Sina picha yake nyingine. Nionyeshe, mwanangu, macho yangu yameharibika."

Ninamkumbuka. Nilimtoa yeye kwanza, ndoo ikabaki inaelea hewani, nikaitoa nayo. Nyuma ya Nthambi wengine walikuwa wamesimama, vitabu wazi, kila mmoja na kidole chake kwenye ukurasa wake. Niliwahesabu. Walikuwa kumi na tisa.

"Macho yako ni mazima, mama," nikasema, nikamshika mkono tukae chini. Nikaanza kukiri, nikianza na yeye.